Upande wa Jannat kwenye Sinia

Siku ya Idd, nyumbani kwa mama mkwe wa Muhiba, mtaani Shauri Moyo, wanawake walilizunguka sinia la pilau wakabanana. Muhiba, muuza madera wa Eastleigh asiyepunguza bei wala maneno, alibaki amesimama na bintiye Jannat mkononi. Jannat hawezi kumeza. Chakula chake hupita kwenye mpira mwembamba ulioingizwa tumboni.

"Huyo si ana maziwa yake ya kopo?" akauliza Bi Khawla, shangazi wa mumewe. "Mlaze chumbani, uje ule."

"Sogeeni, Shangazi. Mwanangu hakuja Idd kulala."

Wakasogea huku wakinung'unika. Muhiba akampakata Jannat, akachota pilau na nyama palepale mbele ya mtoto, bila kugusa upande wa mtu. Akatoa karafuu na iliki, akaongeza supu, akavitia kwenye blenda aliyokuja nayo, akaiwasha. Bi Khawla alikuwa bado anasema kitu kuhusu aibu, lakini blenda ikammeza sauti. Muhiba akachuja kama alivyofundishwa kliniki, akavuta rojo lile kwa bomba la sindano lisilo na sindano, akalisukuma polepole kwenye mpira.

Hakuna aliyekula. Wote walitazama, mpaka Jannat akabeua kwa sauti.

"Alhamdulillahi," Muhiba akamsemea, macho yake kwa Bi Khawla.

"Haya, ameshiba," akasema Bi Khawla, akilivuta sinia.

Muhiba akalishika ukingo. "Nani kasema? Anaongeza."