Ngoma za Warundi wa Voi

Mama alipoambiwa kwamba tutacheza ngoma ya Kirundi siku ya utamaduni, aliuliza hiyo ngoma inachezwaje. Mratibu wa sherehe, mama mmoja mpole aliyekuja kwetu Voi na mkate na sukari, alicheka akidhani anataniwa.

Hakuwa anataniwa. Babu zangu wote wawili waliletwa kutoka Burundi wakiwa vijana kukata mkonge. Baba na mama walizaliwa katika kambi ya wakata mkonge, huku huku Taita Taveta, nami nikazaliwa humo humo. Kirundi changu ni matusi mawili ya babu na wimbo mmoja wa kubembeleza mtoto, ambao maana yake siijui.

Mratibu alieleza kwamba kila jamii itakuwa na hema na bango lake. Letu lingeandikwa Wakenya-Warundi. Alisema ni heshima, maana kwa miaka mingi tumesahaulika. Mama akamwuliza kama hema la jirani yetu Mtaita, aliyetoka Wusi huko milimani, litaandikwa Wakenya-Wadawida. Mratibu akajibu kwamba hao ni wenyeji. Mama akamwongezea chai.

Mgeni alipoondoka nilimwambia mama kwamba mimi siendi. Nafundisha watoto wa chekechea, na kila mwaka hakosekani mzazi wa kuniuliza, mwalimu, kwenu ni wapi? Nikisema Voi, anatabasamu na kuniambia, hapana, kwenu kwenyewe. Hilo neno kwenyewe limenichosha kuliko kelele za watoto arobaini. Asili yangu siikatai. Babu nilimpenda, na kaburi lake nalipalilia mwenyewe. Ninachokikataa ni kile kistari wanachokichomeka kati yangu na nchi yangu, wakati wengine hawawekewi.

Mama alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Tukikosa, watasema tumejificha. Tutaenda, na tutacheza tunachokijua."

Alichokijua ni mwazindika. Alipokuwa msichana akianika nyuzi za mkonge, alifanya kazi pamoja na mama mmoja Mdawida aliyekuwa hodari wa ngoma hiyo ya kwao. Jioni wanawake wa kambi walikusanyika penye bomba la maji naye akawafundisha, akiwapiga kofi mguuni kila walipokosea. Mimi nilijifunza miaka ya baadaye, nikiwa mgongoni mwa mama. Hiyo ndiyo tuliyocheza kwenye harusi ya dada yangu, na ndiyo tuliyompigia babu siku ya matanga.

Siku ilipofika tulikuta ngoma kubwa zilizokodiwa Mombasa na vitambaa vya rangi ya bendera ya Burundi, tuvifunge begani. Mama alivikunja vizuri akaviweka juu ya kiti. Tulikuwa wanawake saba, tumevaa leso zetu. Mshereheshaji akatangaza kwamba sasa tuwapokee ndugu zetu kutoka Burundi, na watu wakapiga makofi ya adabu, yale wanayopigiwa wageni.

Mama aliomba kipaza sauti.

"Mimi natoka Voi," alisema. "Hawa wenzangu wanatoka Voi. Asanteni."

Akarudisha kipaza sauti, akasukuma kando fimbo za kupigia, akaiinamisha ngoma na kuanza kuipiga kwa mikono. Kwanza nadhani watu walitega masikio wahakikishe wanasikia wanachosikia. Ndipo upande wa akina mama wa Kidawida waliotoka Mwanda kikapanda kigelegele, na wawili wakaja kuingia kati yetu bila kuuliza. Mmoja alikuwa na umri wa mama. Walicheza wakitazamana miguu, na mimi moyo ulinijaa hadi nikakosea hatua.

Si wote waliofurahi. Tulipotoka uwanjani, kiongozi wa kikundi kimoja cha ngoma alimsimamisha mama na kumwuliza nani aliwapa ruhusa ya kucheza kitu cha watu. Hakusema kwa ukali, lakini alitaka kujibiwa.

"Nilipewa na mama wa Kidawida tukianika mkonge," mama akamjibu. "Amekufa, siwezi kumrudishia. Na hata angekuwa hai, nisingemrudishia."

Yule bwana akaenda zake.

Mimi nilirudi hemani nikapanda kiti na kulishusha lile bango la Wakenya-Warundi. Mratibu alinifuata akiwa amefadhaika. Alinieleza kwamba kila hema lazima liwe na jina, na kwamba wageni wa heshima wakipita watauliza hili ni la nani. Nikamwambia wakiuliza watuulize sisi, tupo. Nikamkabidhi bango lake. Jua lilikuwa kali, na kwa kuwa hema letu halikuwa na jina, watu waliingia tu kutafuta kivuli, wa milimani na wa Taveta, mpaka viti vikaisha.

Mwaka huu mratibu hakuja nyumbani, wala hatukualikwa. Niliposikia tarehe imetangazwa nilimwambia mama, nikidhani ataumia. Alikuwa akichambua mchicha. Aliniuliza kama sherehe itafanyika uwanja ule ule. Nikasema ndiyo.

"Basi waambie wenzako tuanze mazoezi Jumamosi," akasema. "Ule uwanja hauna mlango."