Mgeni wa Kigoma Aliyekimbia Hodi

Nilipoolewa Bagamoyo, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, nilikuja na sanduku la nguo na tangi la kioo lenye samaki. Nguo mama mkwe wangu alizikubali. Tangi alilitazama kama aliyeletewa punda sebuleni. Lilikuwa la marehemu baba yangu, na ndani mlikuwa na perege wadogo walionizoea hata wakala kidoleni mwangu. Nililiweka chini ya dirisha kubwa, penye mwanga. Bahati mbaya, mama mkwe naye alikuwa amelitia jicho dirisha hilo kwa ajili ya cherehani yake.

Kisha kaka yangu, aliyefanya kazi ya reli, akaniletea samaki mpya kutoka ziwa la Kigoma, ndani ya chupa. Hakuzidi kidole changu cha mwisho, ana macho makubwa kuliko akili. Kwao, kaka alisema, samaki hawa hukaa ndani ya makombe ya konokono. Nikaokota makombe ufukweni, nikayachemsha, nikayasuuza kwa maji ya kisima mpaka chumvi ikaisha. Nikampangia pembeni, na kigae cha mtungi kikawa ukuta, perege wasimchungulie. Akaingia katika kombe. Basi, hakutoka.

"Amekufa," mama mkwe akasema.

"Yu hai, mama. Ana haya."

"Haya ya nini? Tumemfanya nini?" Akashika kiuno. "Sikiliza, mwanangu. Akitoka tukamwona uso kabla ya Idi, tangi likae hapo. Asipotoka, liende uani, bata wangu waogee. Siwezi kukosa dirisha kwa ajili ya mtu asiyeonekana."

Bata! Nililia jikoni, nikasingizia vitunguu. Katika nyumba ile kila kitu, hadi kijiko, kilikuwa cha mama mkwe. Tangi peke yake ndilo lililokuwa langu.

Habari za mgeni zikaenea, na watu wetu hawamwachi mgeni bila kumjulia hali. Wakaja majirani, wakaja jamaa kutoka Zinga. Na kwa kuwa ni watu wenye adabu, hakuna aliyechungulia nyumba ya mtu hivi hivi. Kila mmoja alisimama mbele ya kioo, akagonga kwa kidole: "Hodi! Hodi, mgeni! Hujambo? Habari za Kigoma?" Mama mkwe ndiye aliyeongoza, tena aligonga kwa pete. Samaki aliyekuwa ndiyo kwanza anatoa pua alirudi ndani mbio.

"Umemwona?" mama mkwe akaniambia. "Mtu anapigiwa hodi, badala ya kusema karibu anajifungia! Huko kwao hawafundwi?"

Nami nilikuwa nikigonga vile vile kila asubuhi, kwa upole. Aliyenifumbua macho ni paka. Paka yule hakuwa na adabu hata chembe: alipanda kitini, akakaa kimya, akakodoa macho. Samaki akatoka, kwanza kichwa, kisha mwili mzima, akamkodolea na yeye. Nikaingia na kikombe cha viluwiluwi vya mbu nilivyomchotea mtungini, na kwa mazoea mdomo ukanitoka: "Hodi!" Akapotea.

Nikaelewa. Lakini nani wa kumwambia mama mkwe asipige hodi? Kumwambia aende sokoni bila buibui kungekuwa nafuu. Nikahangaika na jambo hilo, Idi inakaribia, hatimaye nikamwendea.

"Mama, mgeni huyu amekudharau. Mimi naona tumnunie."

Uso wake ukachangamka. Kwa kununa, mama mkwe wangu hakuwa na mpinzani Bagamoyo nzima. Aliwahi kumnunia wifi yake mpaka wifi akahamia Kiwangwa. Papo hapo akapiga marufuku mtu yeyote kumsemesha samaki. Akavuta kigoda, akakipa kioo mgongo, akaanza kupepeta mchele kwa hasira.

Kimya. Kombe likatikisika. Mgeni akatoka, akazunguka kigae, akadokoa kiluwiluwi, akamfukuza perege aliyemzidi mwili, kisha akaja mpaka kwenye kioo, nyuma ya bega la mama mkwe.

"Ametoka," nikanong'ona.

Akakaza shingo. "Sigeuki. Nimemnunia." Kisha, kwa sauti ya chini: "Anafanya nini?"

"Anakutazama."

"Mimi?"

"Wewe, mama."

Ungo ukatulia mapajani. Aliniuliza macho yake yakoje, mapezi yakoje, kama amekonda. Nikamweleza yote. Mwishowe akageuka polepole kama mwizi, akamwangalia kwa jicho moja, wala hakupiga hodi.

Tangi lilibaki. Cherehani ikawekwa ukumbini, penye giza, na kwa miaka mama mkwe alijidunga sindano na kulalamika kila siku ya Mungu. Siku moja nikamwonea huruma. Nikamwambia, mama, tulihamishe tangi, ushone penye mwanga.

Akanitazama kama nimemtukana. "Umhamishe mtoto wa watu," akasema, "naye keshanizoea?"