Moshi wa Bluu Nyuma ya Gari Langu

Kwa muda mrefu nilikuwa nautazama ule moshi kwenye kioo cha pembeni na kuufurahia kimoyomoyo. Nikikanyaga mafuta kupanda kilima cha kutokea Kasokola, ulitoka mzito, wa bluu, ukaifunika barabara mpaka mwenye baiskeli nyuma yangu akashuka na kujiziba pua kwa kola ya shati. Watu walinionea huruma. Mimi nilikuwa nawaza kwamba bado kidogo injini itakufa, na ikishakufa nitapumzika.

Gari lenyewe ni la dizeli, kuukuu, lenye bodi ndefu nyuma ya kubebea mizigo. Nililinunua kwa ajili ya kutoa ndoo za asali kwa wafuga nyuki wa Ugalla na kuzileta sokoni Mpanda mjini, na wakati wa mavuno kubeba mahindi. Kazi hiyo sikuwahi kuichukia. Kilichonichosha ni kwamba gari kijijini si la mwenye gari. Mjamzito akishikwa na uchungu, ni gari langu. Mtu akifia hospitali, maiti inarudi na gari langu. Kwaya ikialikwa parokia ya jirani, wanakuja kuniimbia dirishani kabla sijanawa uso. Na kwetu huwezi kumkatalia mgonjwa gari likiwa limesimama uani. Utasemwa mpaka siku ya kuzikwa kwako.

Mgongo wangu ulikuwa umeshakuwa wa mzee kabla mimi mwenyewe sijawa mzee. Nilikuwa nasinzia kanisani, nasinzia nikila. Mke wangu alishaacha kuniuliza nitarudi saa ngapi. Nilimwambia waziwazi: gari hili likifa sinunui lingine, tutahamia kwao Mpimbwe tukalime mpunga, na mtu akiumwa ataniona natembea kwa miguu kama yeye. Alinijibu, "Haya," kwa ile sauti ya mtu asiyetaka kubishana na mchovu.

Basi nikawa nasubiri kifo cha gari. Kusema ukweli kilikuwa kinakuja vizuri. Mafundi wa pale karibu na soko walifungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inaunguruma, moshi ukawapiga usoni, wakatikisa vichwa. "Mzee, injini inapumua. Ringi za pistoni zimekwisha." Wakasema linakula oili na halitafika mbali. Habari hiyo ilifika kijijini kabla yangu.

Hapo niseme jambo moja la kwetu ambalo mgeni asingelijua. Nikimbeba mgonjwa wa watu huwa sidai nauli, na wao hawanipi kitu mkononi, kwa sababu ukimpa mtu mkononi umemlipa, na aliyelipwa si jirani tena, ni dereva. Kwa hiyo wanalishukuru gari. Wananunua oili dukani, mwenye nguvu galoni, asiye na nguvu kachupa, halafu nikiwa ndani nakunywa chai wanafungua boneti na kumimina wenyewe. Nikitoka nakuta kifuniko kimefutwa na kitambaa kimekunjwa juu ya betri. Sikuwahi kuionea aibu desturi hiyo, niliipenda. Na tangu ivume kwamba gari linakula oili, walimimina kwa bidii zaidi, hata wale ambao sikuwa nimewabeba. Na mimi nikichomoa stiki ya kupimia oili nikakuta imepita alama, nilisema hiyo ni akiba ya njiani. Nadhani madereva wengi wa huku wangesema hivyohivyo.

Mwishowe nililipeleka kwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mwenye gereji Ilembo. Nilimchagua kwa sababu hana haya kumwambia mtu gari lako limekufa, kauze vyuma chakavu. Nilitaka nilisikie neno hilo kutoka kwake, kisha nirudi nalo nyumbani, na kijiji kizima kikose la kusema.

"Moshi unatoka saa ngapi?" akaniuliza. "Asubuhi ukiwasha tu, au ukiwa unapanda mlima?"

"Saa zote. Nikipanda mlima ndio balaa."

Alikinga kiganja nyuma ya ekzosi, akakinusa, akakunja uso. Nilitegemea atafute spana. Badala yake alinisogeza mpaka mahali pa tambarare, akaniambia nizime gari, akaagiza chai. Alisema oili ishuke yote kwanza chini. Tulikunywa tukizungumza habari za mvua na za dada yake, ambaye anasema nimemkondesha. Kisha akachomoa ile stiki, akaifuta, akairudisha, akaichomoa tena. Akaitazama. Oili ilikuwa imepanda mpaka karibu na pale pa kushikia.

"Shemeji, hii oili nani anaiweka?"

"Watu."

"Watu gani?"

"Wote."

Alicheka, lakini ni kicheko cha mtu aliyekasirika. Akafungua bomba la mpira linalotoka kichwa cha injini kwenda kwenye njia ya hewa, akaliinamisha, na oili ikachuruzika juu ya viatu vyangu. Akanieleza kwamba oili ikizidi, vyuma vinavyozunguka chini vinaipiga kama mayai bakulini, inafanya povu, povu linapanda humo bombani, na injini inalivuta pamoja na hewa na kuliunguza. Ndio moshi wa bluu huo. Watu wakiuona wanasema gari lina njaa, wanaongeza tena.

"Hii gari haili oili," akasema. "Inalishwa."

Nilianza kubisha. Nikamuuliza, na kule kupumua je? Na nguvu kupungua je? Nikamwambia mafundi wa sokoni wamesema ni ringi, labda afungue aone, labda zimekatika kabisa. Alinikazia macho.

"We shemeji, mbona kama unaiombea mabaya?"

Niliinama nikafuta oili kwenye viatu vyangu. Alimwaga oili iliyozidi, akasafisha lile bomba na sehemu ya hewa, akanionyesha alama kwenye stiki. Akaniambia niliendeshe wiki kadhaa bila mtu kuongeza hata tone, nipime kila asubuhi kabla ya kuwasha, halafu nirudi. Kama oili itashuka, ringi ni mbovu kweli na hapo tutaongea habari za kufungua.

Kwa hiyo bado nilikuwa na tumaini. Kila asubuhi nilitoka na kitambaa, nikachomoa stiki nikiomba iwe imeshuka. Haikushuka. Moshi ulipungua, ukawa mwembamba, kisha ukabaki ule mweupe kidogo wa asubuhi ambao kila dizeli kuukuu inautoa ikiamka na kuuacha ikishapata moto. Nikipanda kile kilima nilitazama kioo cha pembeni na kuiona barabara yote, na mwenye baiskeli akinipungia mkono.

Kazi nyingine ikawa kuwazuia watu. Nilianza kufunga boneti kwa waya. Walichukia. Kuna bibi mmoja ambaye nilikuwa nimempeleka mjukuu wake hospitali akiwa na degedege, na mtoto akapona. Alikuja na chupa yake ya oili ndani ya mfuko wa plastiki, akasimama pale uani.

"Umenikasirikia, baba?"

"Hapana, bibi. Limeshiba tu."

"Sasa mi nitakushukuru na nini?"

Nilitamani kumwomba asinishukuru, asiniite tena, aniache nilale, lakini yule mtoto alikuwa amesimama nyuma yake anachezea tairi. Aliiacha chupa mlangoni akaenda zake taratibu. Wengine nao wakafanya hivyo, mpaka nikawa siwezi kutoka nyumbani bila kuruka chupa za oili.

Niliporudi Ilembo, shemeji alipima akakuta oili iko palepale alipoiacha. Akawasha gari, akafungua kile kifuniko cha oili, akakigeuza na kukilaza juu ya tundu lake. Kama injini inapumua, kifuniko kinaruka na kuchezacheza. Kilitulia. Akakanyaga mafuta, bado kikatulia. Akanipiga begani kwa mkono wake mchafu.

"Injini nzima kabisa. Hii itakuzika, shemeji."

Aliyasema kwa utani, kama mashemeji wanavyotaniana, na vijana wa gereji wakacheka. Nami nilicheka. Njia nzima ya kurudi watu walilitazama gari likipita bila moshi, wakanyanyua mikono. Muuza vocha alipiga kelele, "Hongera mzee!" Katekista alinisimamisha kunipa mkono, akaniambia tumshukuru Mungu, na kwamba Jumapili kwaya ina safari. Nikamwambia sawa.

Mke wangu alikuwa amekaa kwenye mkeka nje, anapepeta mchele.

"Kaka kasemaje?"

"Kasema injini ni nzima. Itaenda miaka."

Ungo ulisimama mikononi mwake. Aliniangalia usoni, asiliangalie gari.

"Pole," akasema. "Pole sana, mume wangu."

Nilikaa palepale kwenye mkeka, kando ya mchele, nikalia, naye hakuniuliza ninalia nini.