Mbegu Isiyopasuka

Zamani za chama cha ushirika kazi yangu ya kukagua pamba ilikuwa nyepesi. Nilizamisha mkono ndani ya gunia, nikatoa mbegu moja, nikaing'ata. Ikipasuka, pamba ni kavu. Ikibonyea, mkulima arudi nayo nyumbani. Kisha soko likafunguliwa, wanunuzi binafsi wakaja kijijini kwetu Kasoli na malori yao, kila mmoja akitaka kumwahi mwenzake, na baadhi ya wakulima wakajifunza kunyunyizia maji ili gunia lizidi uzito. Bosi wangu mpya, mmoja wa wanunuzi hao, alitaka lori lijae kabla ya saa tisa. Msimu mzima nililala nimechoka, nikaamka nimechoka.

Siku moja mama mmoja mjane, mayu kama tunavyowaita akina mama kwetu, alileta magunia manne. Nikang'ata mbegu, ikabonyea. Foleni ilikuwa ndefu, jua kali, nami sikutaka kufikiri.

"Mayu, umetia maji," nikasema kwa sauti, watu wote wakasikia.

"Sijatia, mwanangu."

Alisimama tu pale kwenye mzani, asiondoke. Niliudhika. Nikaingiza tena mkono ili nimwonyeshe, na hapo nikashtuka: nyuzi zilikuwa kavu kabisa. Maji ya kunyunyizia huanzia kwenye nyuzi. Hapa unyevu ulikuwa ndani ya mbegu peke yake. Kwa mara ya kwanza katika kazi ile nikasema, "Mayu, sijui."

Tukaimwaga pamba yake juu ya turubai, tukaianika. Kila nilipopata nafasi nilikwenda kuigeuza na kumuuliza maswali. Polepole ikajulikana: aliichuma mapema, vitumba vikiwa vimeanza tu kufunguka, kwa hofu kwamba malori yangeondoka bila taarifa. Hata mimi sikujua yangeondoka lini. Uchovu haukuisha, lakini pale kwenye turubai nilijiona nafanya kazi, si kung'ata mbegu tu.

Siku ya tatu mbegu ikapasuka. Nikampimia, nikamwomba radhi. Akautazama uwanja. Waliosikia nikimwita mwongo walikuwa wameshauza na kwenda zao.

"Mimi nilijua tangu mwanzo," akasema. "Jumapili njoo kanisani uwaambie wao."

Nilikwenda. Nikasimama mbele, nikasema nilikosea. Nusu ya waliokuwa kwenye foleni siku ile walikuwa wakisali kwingine.