Mawese Kwenye Kigurudumu

Leo asubuhi nimekuta mawese yameganda kabatini, nikaiweka chupa karibu na hita. Harufu ilipopanda, nikamsikia Baba wa miaka ile, na Kifaransa chake cha nyumbani: "Bon, angalia, inashuka yenyewe!"

Tulikuwa jikoni, katika mji wa baridi wa Buffalo. Mwenzake wa kiwandani alikuwa amemwazima fimbo fupi ya kuvulia samaki kwenye barafu. Mshipi ulizungushwa kwenye kigurudumu kidogo. Ukikiachia, sharti kizunguke chenyewe mpaka risasi, kile kizito cha kuzamisha mshipi, ifike chini. Hicho kilikwaruza. Baba akakipaka mawese, kama alivyopaka kila kitu kilicholia nyumbani, kuanzia bawaba za mlango hadi cherehani ya Mama. Risasi ikateremka kimya, ikagusa sakafu. Baba akacheka hadi machozi.

Kesho yake, sote tukiwa juu ya ziwa lililoganda, Mama naye, mwenzake alitoboa tundu, Baba akaachia. Risasi ikaning'inia palepale. Akaitikisa fimbo, akapulizia kigurudumu. Mafuta yalikuwa yamekuwa kama nta. Yule rafiki akageuka kutazama pembeni, kwa heshima, na hilo lilimuumiza Baba zaidi.

"Baba batoto, leta hapa," Mama alisema.

Akaisukuma fimbo ndani ya koti lake ipate joto, kigurudumu kifuani chini ya kitenge, ncha ikichungulia karibu na sikio lake. Tukasubiri, tukipigapiga miguu. Alipoitoa, Baba akaachia, na mshipi ukateremka, ukateremka.

Tulivua samaki watatu. Kila mmoja alipotolewa majini, Mama alifungua koti kuipokea fimbo bila kuambiwa.