Redio Yenye Chawa

Sisi tuliokulia kambi ya wakimbizi ya Dzaleka miaka ya tisini tulisomea fizikia nyumbani, yaani kwa makosa. Enzi zetu redio moja ilitosha nyumba sita, na kila mkwaruzo ulikuwa na mtaalamu wake. Ukipasuka-pasuka, basi ni radi za kule Mitundu. Stesheni mbili zikipandana, kwaya ya Kichewa juu ya habari za Kifaransa, mchungaji alisema ni vita vya rohoni. Hakutuambia Mungu alikuwa stesheni ipi.

Saa kumi alasiri yalisomwa majina ya watu waliopotezana na jamaa zao. Mama alimsubiri Bahati, mdogo wake, aliyetupotea njiani tulipokimbia kutoka Uvira. Na kila saa kumi redio ilianza kunguruma, trrrr, ikameza majina yote.

Mama akamwita Papa Ezekia, fundi aliyesomea redio miezi mitatu kwa Kifaransa na kukitumia Kifaransa hicho maisha yake yote. Alitega sikio, akatoa hukumu.

"Mama Neema, hii redio iko na ba-parasite."

Kwa Kifaransa cha mafundi, alimaanisha mikwaruzo tu. Lakini kule zahanati neno hilo lilimaanisha chawa na minyoo. Mama akaifungua redio, akaijaza unga wa dawa ya chawa, akaianika juani pamoja na mablanketi. Majirani wakawaondoa watoto wao karibu. Papa Ezekia aliona yote na hakumsahihisha. Alipenda kuheshimiwa kuliko kueleweka.

Redio ikatema unga wiki nzima, na bado ikanguruma. Nilikuwa na miaka tisa na ubishi mwingi. Niligundua kwamba kelele huanza pale chigayo, ile mashine ya kusaga mahindi nyuma ya nyumba yetu, inapowashwa. Ni cheche za injini. Mama alinisonya, kisha akaenda kumwomba mwenye mashine azime robo saa. Kinamama wakakaa na ndoo zao za mahindi wakingoja, kwa ajili ya mtu wasiyemjua.

Majina yakasikika moja moja, hadi la mwisho. Bahati hakuwemo.

"Zikomo," Mama akamshukuru mwenye mashine kwa Kichewa. "Washa tu."

Hakumwomba tena azime. Kila alasiri alikaa mbele ya mngurumo ule, na akiulizwa alijibu, "Pengine balimutaja, parasite njo ilikula jina."

Vijana wa leo kule mjini, mtaa wa Biwi, hulalamika eti netiweki mbaya, na huku simu inawaonyesha tiki mbili za buluu: ujumbe umesomwa, ila hajibu mtu. Mimi huwacheka. Mama angewahurumia, hawana hata kelele ya kusingizia.