Mkono Wako Kwanza

Kazi ya kuosha makochi na mazulia ya watu ina uchafu wake, lakini uchafu uliomkera Mama Povu haukuwa ule wa kwenye vitambaa. Alikuwa na sharti lake, na wateja walimcheka kwa sababu ya hilo sharti. Kabla hajagusa kochi, humwita mwenye nyumba na kumwambia, "Mkono wako kwanza." Mwenye nyumba apenyeze mkono mwenyewe kwenye mianya, atoe atakachotoa: sarafu, kalamu, kijiko kilichotafutwa mpaka watu wakanuniana. Vyote huwekwa kwenye bakuli jeupe, mbele ya macho yake. Hapo ndipo Mama Povu huchovya brashi.

"Mama we, una mambo!" wateja humtania. "Utadhani tumefuga nyoka humu!"

Naye hucheka nao. Nyoka angekuwa nafuu.

Maana zamani, alipokuwa bado mke wa mtu, mama mkwe wake alipotelewa na hereni ya dhahabu. Nyumba ilipinduliwa, mito ya makochi ikakung'utwa, hereni haikuonekana. Mama mkwe akaketi, akajifuta jasho, akauliza swali moja tu: "Humu ndani, nani anayesafisha makochi?"

Loo! Hilo nalo swali, jamani? Atasafisha nani kama si mke wa mwana?  Mumewe alimtolea begi mlangoni, basi. Mtoto wao wa kiume, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kufunga vifungo vya shati, akabaki kwa bibi yake, akalelewa kwa uji na kwa hadithi ya mama mwizi. Alipokuwa kijana, Mama Povu alimvizia njiani akamsalimu. Kijana alimtazama, akahamishia begi lake bega la pili, akapita. Hilo begi kuhamishwa bega ndilo lililomuuma kuliko kufukuzwa.

Baba mtu akafa, miaka ikaenda. Siku moja simu ikalia. Sauti ya mwanamke kijana, yenye haya.

"Shikamoo mama. Nimeambiwa unaosha makochi. Niliyaosha mwenyewe, sasa yananuka."

"Marahaba. Uliyamwagia maji kiasi gani?"

"Ndoo."

"Ndoo nzima? Mwanangu, kochi halina kiu!"

Binti akacheka, akaanza kumwelekeza: ukipita tangi la maji, geti la buluu, mlango wenye ngazi mbili. Mama Povu hakuhitaji kuelekezwa hadi mwisho. Zile ngazi alizipiga deki yeye. Alishasikia kwamba mwanawe ameoa; huyu aliyekuwa akiongea naye ndiye mkewe, na binti hakujua anaongea na nani.

Angeweza kukataa. Alienda kwa jambo moja tu. Kazi ilikuwa imemfundisha kwamba kitu kikidondoka kwenye kochi si lazima kibaki chini ya mto. Hupenya nyuma, palipochanika, kikashuka hadi kwenye kile kitambaa kilichopigiliwa misumari chini kabisa, mahali ambapo hakuna anayechungulia. Kama makochi ni yaleyale, hereni imo. Na hereni ikiwamo, mwanawe atajua.

Yalikuwa yaleyale.

"Bibi hataki kusikia habari ya kuyabadilisha," binti alisema kwa sauti ya chini, akionyesha mlango wa chumba. "Amelala."

"Na mama mkwe wako yuko wapi?"

"Sina. Mume wangu alifiwa na wazazi wote."

Mama Povu akainama akaitafuta brashi ambayo ilikuwa mkononi mwake.

Akaanza na makochi madogo. Mkono wako kwanza, binti akapenyeza mkono, zikatoka karanga na kifungo. Povu kidogo, brashi, mashine ya kufyonza maji, kitambaa kikavu. Likabaki kochi refu, lile ambalo bibi hulalia mchana. Hilo lilikuwa limekunywa ndoo karibu yote, na la kuvunda halina ubani. Ilibidi lipinduliwe, kitambaa cha chini kitolewe, sponji ipate hewa. Binti akapenyeza mkono humo pia, akatoa pini ya nywele, kisha akaenda uani kuanika foronya za mito.

Mama Povu akang'oa msumari wa kwanza, wa pili, kitambaa kikalegea. Kikatoka kichana, zikatoka nyuzi na vumbi lililogandamana. Halafu kikang'aa kitu.

Siku ya nyani kufa miti yote huteleza. Mwanamke huyu hakuwahi kugusa hata sarafu ya mteja bila mteja kusimama pale. Ilimpasa asiguse kitu, apige kelele, amwite binti aje aone hereni ilipolala. Alijua hivyo, sheria alijiwekea mwenyewe. Lakini furaha ilimpanda kichwani, akaichukua. Akaifumbata, akakimbilia katikati ya sebule akilia na kucheka, "Imeonekana! Jamani, imeonekana!"

Binti akaja mbio na foronya mkononi. Mlango wa mbele ukafunguliwa, mwanawe anarudi kutoka kazini. Na kutoka chumbani akatokea bibi, fimbo mbele, macho hafifu ila masikio mazima.

"Hiyo sauti naijua," alisema. "Ni wewe?"

"Ni mimi, mama. Hereni yako hii hapa. Ilikuwa ndani ya kochi siku zote!"

"Nani amekuona ukiitoa?"

Mama Povu akageuka kumtazama binti.

"Mimi nilikuwa uani," binti alisema, akiwatazama mmoja mmoja. "Kwani huyu mama ni nani?"

Bibi akamgeukia mjukuu wake.

"Mjukuu wangu, sikukwambia?" bibi alisema. "Sikukwambia iko siku dhamiri itamsuta, ailete mwenyewe?"

"Sikuileta! Ilikuwa humu! Tazama kitambaa, tazama…" Lakini pale palikuwa na vumbi tu.

Mwanawe aliichukua hereni, akaigeuzageuza. Alipoinua uso, macho yalikuwa yamejaa machozi. Hakuwa na hasira hata chembe.

"Mama," alisema. Hakuwa amemwita hivyo tangu utotoni. "Bora umeirudisha. Mimi nimeshakusamehe. Sema tu nisameheni, yaishe, ukae ule nasi."

Angefanyaje? Akatae, atoke na ukweli wake, arudi kumtazama mtoto wake kutoka ng'ambo ya barabara? Alikwishaishi na ukweli huo, na ukweli haukuwahi kumwita mama.

"Nisameheni," alisema.

Mwanawe akamkumbatia kwa nguvu. Binti akalia, naye akapiga magoti kumsalimu mama mkwe wake upya. Chakula kikaandaliwa, Mama Povu akatengewa kiti karibu na mwanawe, akamegewa kipande kikubwa. Alikuwa ndiyo kwanza anapeleka tonge mdomoni bibi alipouliza kutoka kwenye kiti chake, "Chumba changu kimefungwa?"

Mwanawe akanyanyuka taratibu, akafunga chumba cha bibi, akatia ufunguo mfukoni, akarudi kukaa karibu na mama yake.